Siagi Kwenye Viazi

"Wee Nyambura, viazi vya leo vimelainika kama vya arusini! Umetia nini?" mwenzake wa Mombasa aliuliza huku akiramba kidole.

"Siagi yangu mwenyewe, ya kwenye mkoba. Vilikuwa vikavu, ni aibu kuwapa wazee."

Kicheko cha mwenzake kikakatika. "Siagi? Na nyama iko sahani hiyo hiyo?"

Hapo ndipo Nyambura alipoelewa. Tangu aanze kujitolea kuwapikia wazee wa Kiyahudi wa sinagogi hili la London, alikuwa amekariri rangi za miiko: mwekundu wa nyama, wa buluu wa maziwa. Alidhani sheria yao ya kutochanganya nyama na maziwa inaishia kwenye miiko; siagi hakuihesabu kuwa maziwa.

"Nyamaza tu, mwenzangu," yule wa Mombasa alinong'ona. "Hawatajua. Ukisema, hapa hukanyagi tena."

Dirishani pa jikoni aliona sahani ya kwanza imeshatua mbele ya mzee wa miaka tisini na mmoja, yule aliyemwombea nafasi. Kila Jumatano mzee huyo hujisifu kwamba nyama na maziwa havijawahi kukutana kinywani mwake, hata enzi za njaa ya vita.

Mzee alichota viazi. Uma ulipanda polepole, viazi vikining'inia, mchuzi ukidondoka juu ya tai.

Ukumbi ulikuwa umejaa soga. Uma ukafika kidevuni.

Nyambura alipita katikati ya meza akikimbia, akamshika mzee kifundo cha mkono. Watu sitini wakageuka.

"Usile, babu," alisema. "Nimekosea mimi."