Blanketi la Nyota Thelathini

Wembe ulikuwa ukikata uzi wake. Syokau aliusikia akiwa bado mlangoni, krr, krr, mshono baada ya mshono. Ndani ya duka la vitambaa, rafiki yake Naimo alikuwa ameinama juu ya blanketi la viraka, akilifumua. Kutoka pale mlangoni Syokau aliona rangi tu, njano na buluu, lakini zilitosha. Blanketi lilikuwa lake.

Hakuingia. Aligeuka, akashika ukuta, akarudi nyumbani polepole kupitia vumbi la Kitengela.

Kumbe Muthoki alisema kweli.

"Mama Munguti, mimi si mtu wa kuleta maneno," jirani huyo alikuwa amemwambia asubuhi, akiwa tayari ameyaleta. "Lakini enda ujionee venye Naimo wako, huyo Mama Salad, anafanyia blanketi yako. Wembe mkono hii, sindano na uzi mkono ile. Na si juzi aliomba asimame mbele na wewe? Kusimama na wewe! Huyo anataka darasa."

Darasa lenyewe lilikuwa kesho, Jumamosi. Wanawake arobaini walikuwa wanaondoka alasiri hiyo kwenda Kajiado kwa semina ya kushona ya wikendi, na Syokau ndiye angewafundisha kushona nyota za viraka, blanketi lake la nyota thelathini likiwa limetundikwa ukutani. Alikuwa amelishona mwaka mzima, kwa sare kuukuu za shule na mabaki ya madira, yale magauni mapana, kutoka dukani kwa Naimo. Alikuwa na miaka sabini na miwili, na katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwita mwalimu.

Alivuta mkoba, akaanza kupanga: sweta, Biblia, dawa za sukari, makasi.

Kilichomchoma ni kwamba Naimo alikuwa mtu mwema. Siku daktari alipomwambia Syokau ana sukari, Naimo aliacha kutia sukari kwenye chai yake mwenyewe pia, akasema hata hakuwa akiipenda. Kila jioni alipita na sindano sita zilizotungwa uzi tayari, akazichomeka kwenye kimto. "Wewe na uzi mnagombana siku hizi," alikuwa akisema. Majuzi tu, katikati ya maongezi, alimshika Syokau mkono na kuchomoa pini iliyokuwa imezama kwenye kidole chake.

"Haikuumi?"

"Pini gani?" Syokau aliuliza, na wote wawili wakacheka mpaka chai ikamwagika.

Na kila Jumamosi alichukua kazi ya wiki nzima. "Leta nikupigie pasi. Hapa kwako stima inapotea ovyo." Jumatatu ilirudi imenyooka, imekunjwa vizuri, na Syokau aliiweka shavuni akamshukuru Mungu kwa jirani kama huyo.

Kumbe wakati wote huo Naimo alikuwa akijifunza. Na sasa, ameshajua nyota, anafumua ya mwenzake.

Basi hatakwenda Kajiado mikono mitupu. Syokau alibeba kiti mpaka mlangoni, penye jua. Alitafuta vipande vinane alivyokuwa amekata wiki iliyopita, akachomoa sindano kwenye kimto, akaanza nyota mpya. Hakuhitaji kutazama sana. Mikono yake iliijua njia. Kila alipochoma kitambaa aliusikia tena ule wembe, na kila alipovuta sindano alikumbuka kikombe cha chai, pini, shavu lake juu ya kitambaa chenye joto la pasi. Alishona haraka, kwa hasira, bila kupumzika, mpaka kipande cha nane kikakaa mahali pake.

Honi ya gari ilipolia barabarani, alikuwa amemaliza.

Naimo aliingia na mkoba begani na blanketi mikononi, limekunjwa, bado lina joto.

"Mama Munguti, uko tayari? Sironka amewasha gari, na unajua yeye hangoji mtu."

"Nilikuja kwako asubuhi."

Naimo alishusha mkoba begani.

"Nilikusikia na wembe, Mama Salad. Ulikuwa unafumua kazi yangu."

"Ndiyo," Naimo alisema taratibu. "Nilikuwa nafumua."

"Miezi yote hii nakufungulia mlango! Kama ulitaka darasa, si ungeniambia? Ningekupa kwa mikono miwili."

"Sitaki darasa. Mimi nataka tu nikae karibu na wewe."

"Ili uniharibie na huko?" Aliinuka kitini, akachomeka sindano kifuani kwenye gauni, akachukua kazi yake mpya kutoka kwenye meza ndogo iliyokuwa kando yake. "Haya, angalia. Hii nimeshona leo, peke yangu. Hii haijapita mikononi mwako."

Akaishika nyota kwa ncha moja, akaiinua kwenye mwanga ili Naimo aione vizuri.

Kipande kimoja kilianguka. Kikafuata kingine. Vyote saba vilishuka sakafuni kimyakimya, vikiwa na matundu madogo ya sindano yaliyopangwa sawasawa, na cha nane kikabaki kwenye vidole vya Syokau. Uzi mweupe ulikuwa umelala chini ya kiti, mzima. Kifuani pake, tundu la sindano lilikuwa tupu.

Nje, Sironka alipiga honi tena.

Naimo aliliweka blanketi kitini, akainama, akaviokota kimoja kimoja, akavipanga kwenye kiganja chake. Syokau akavuta nyota moja ya blanketi; haikuachia, na mshono haukuwa wake.

"Leta na hicho," Naimo alisema. "Nikupigie pasi."