Milango Saba

Upande mmoja wa kichochoro ulibaki ukuta wa msikiti; upande wa pili nyumba zote zilikuwa zimebomolewa. Fundi Shebwana alikuwa amekwisha kuchanganya zege la njia mpya. Alikubali kuweka jiwe jeupe kila palipokuwa na mlango, mradi Bi Zamzam, mzee aliyekulia hapo, amwonyeshe kabla zege halijaganda.

Bi Zamzam alihesabu hatua kuanzia kona ya msikiti. Mlango wa nne ukaangukia katikati ya barabara kuu.

"Bibi, majirani zako walikuwa wakilala barabarani?" Shebwana alicheka. "Zege halinisubiri!"

"Litakusubiri, mwanangu."

Hesabu ile aliijua tangu utotoni, alipokuwa akitumwa kila magharibi ya Ramadhani kuwapelekea majirani futari. Aliitazama miguu yake, akaelewa. Akaomba bakuli, akalijaza maji hadi ukingoni, akalishika kwa mikono miwili kama uji wa moto.

Akaanza upya kwenye kona ya msikiti. Sasa hatua zake zilikuwa fupi, za mtoto anayeogopa kumwaga.

"Kumi na nne. Kwa Mwinyi Haji."

Shebwana akaweka jiwe.

"Tisa. Kwa Mama Rehani, na mbwembwe zake."

Jiwe likafuata jiwe, na fundi hakucheka tena. Walipofika mlango wa saba, mbele yao palikuwa na vumbi tupu. Shebwana aliinama na jiwe lake.

"Ngoja kwanza," Bi Zamzam alimnong'oneza, bakuli likiwa limetulia mikononi. "Bado hawajafungua."