Kitanda cha Dirishani

Médiatrice alilitupa beseni lake juu ya kitanda cha dirishani kama mtu anayewahi foleni ya bomba. Kwao Litapunga, makazi ya waliokuja zamani kama wakimbizi kutoka Burundi, ndiyo sheria: ndoo yako ikitangulia, umetangulia wewe.

"Toa hilo beseni," alisema Sista Pudensiana, muuguzi mkuu wa wodi ya watoto.

"Sitoi."

Mgongoni mwa Médiatrice mwanawe Providence alikuwa ananyonya kidole, mdomo wa juu umepasuka hadi puani. Mdomo sungura, watu waliuita, na wapo waliotema mate chini wakipishana naye njiani. Madaktari wa kuushona hufika Mpanda mara moja tu kwa mwaka. Walitarajiwa Alhamisi, na hii ilikuwa Jumatatu. Médiatrice alikuwa ameapa kwamba safari hii hapitwi na mtu.

"Umewahi mno," alisema Sista. "Mlete Alhamisi asubuhi. Mtoto mzima anatafuta nini wodini?"

"Mbona hawa wamelazwa?"

"Hawa wanaumwa."

"Na mimi nilale wapi, stendi?"

"Kwangu, Misunkumilo. Geti la bluu nyuma ya kanisa. Sema nimekutuma. Na ukiingia, nawa mikono kwanza."

Médiatrice alicheka kwa hasira. Kumbe ndiyo hivyo! Akamfulie, akampalilie bustani, halafu aambiwe mikono yake michafu!

"Sista, sisi ni raia kama nyie. Kitanda unamwekea ndugu yako, sema tu!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," Pudensiana alijibu. Mwanamke huyo alikuwa na ulimi mchungu kuliko kwinini, na hakuwahi kuona sababu ya kuutia sukari.

Kumtajia kifo mtoto wa mtu! Médiatrice alitoka mbio hadi mlangoni kwa mganga mfawidhi, akapiga mayowe mpaka watu wakajaa. Mganga hakupenda kelele. Aliamuru apewe kitanda, naye Médiatrice akarudi kukitandika kitenge chake taratibu, Sista akimwangalia. Alisikia raha ya ushindi mpaka kwenye visigino.

Toka hapo hawakusalimiana. Ila kila jioni, akienda nyumbani, Sista alisimama miguuni pa kitanda kile.

"Huendi?"

"Siendi."

Sista alisonya, akaondoka.

Wodini maisha yalikuwa ya kushirikiana. Yustina wa kitanda cha jirani alimbeba Providence mwenzake akienda kufua, na Médiatrice alimbeba mtoto wa Yustina, aliyekohoa mchana kutwa. Kijiko kimoja cha uji kiliwatosha watoto wote wawili. Ndivyo watu wema wanavyoishi, alijisemea, si kama yule nyoka mwenye gauni jeupe.

Alhamisi asubuhi daktari mgeni aliweka kipimo kifuani kwa Providence, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Ana homa, na kifua kimejaa. Nikimpa dawa ya usingizi anaweza asiamke. Mlete mwakani."

Médiatrice hakuelewa mara moja. Alikuwa bado amesimama hapo wakati mlango ulipofunguliwa, akaingia msichana amebeba mtoto mchanga mwenye mdomo sungura, pua kavu, anacheka peke yake. Hakuna aliyewahi kumwona wodini. Sista Pudensiana alimpokea mikononi.

"Huyu yuko tayari, daktari. Ni mjukuu wangu."

"Nilisema!" Médiatrice alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Si nilisema mimi? Alikuwa anamwekea ndugu yake! Mungu anakuona, mchawi wewe!"

Wodi nzima iliguna, na Yustina akasema bila aibu kwamba roho ya mtu huyu ni jiwe. Sista aliwapa mgongo. Alimbeba mtoto, akaingia naye chumba cha upasuaji.

Msichana alibaki mlangoni, akimtazama Providence.

"Kumbe ndiyo wewe, dada wa Litapunga?" aliuliza. "Mama alikutandikia godoro pembeni yetu tangu Jumatatu. Kila jioni tulikungoja tule."