Nukta Majini

Baba siku hizi hupotea njia, kwa hiyo tulimvalisha saa inayotuonyesha alipo. Leo, kwenye simu yangu, nukta yake ilikuwa katikati ya bandari ya Hong Kong, majini.

"Kazama!" Mama akalia, upawa ukamponyoka.

Mara nukta ikaruka hadi barabarani, mtaa wa Wan Chai, kisha ikarudi majini.

"Mama, hajazama! Saa ikizama hainasi setilaiti hata moja. Ishara zinadunda kwenye vioo vya maghorofa, ndiyo maana inakosea. Yuko Wan Chai."

Mama akaiinamia simu.

"Pale walipobomoa nyumba yetu ya kwanza," akasema. "Mzee mkaidi huyu, anatafuta mlango wake!"

Akavaa viatu huku akifuta machozi. "Ka-yan, supu usiiepue. Atarudi na njaa."