Kadi ya Misago

Tangu waasi wa Kihutu washuke kutoka msituni na kuwa chama cha siasa, kamanda wao wa zamani, Barankariza, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba na kidau cha wino na kadi za uanachama. Nyumba ya Mama Kankindi aliiacha ya mwisho.

Mama alibonyeza dole gumba kwenye kadi yake, kisha akasema, "Sasa ya Misago."

Misago alikuwa mwanawe. Alifia msituni, amepakatwa na Barankariza.

"Mama, kadi ni za walio hai. Na kila mtu huweka dole lake mwenyewe."

"Miaka saba alikuwa mwenzenu bila karatasi. Leo mmepata karatasi, ndiyo mnamsahau?"

Barankariza akaliandika jina, herufi moja moja. Alipofika penye alama ya dole, akaiweka kalamu chini.

"Weka lako, mwanangu," Mama akasema. "Si uliniambia ndilo lililomfumba macho?"

Akalichovya kwenye wino, akalibonyeza. Alipotaka kulifuta kwenye suruali, Mama akamshika mkono, akaanza kulipuliza lile dole, polepole, kama anavyopulizwa mtoto aliyeungua.