Mwizi wa Dawa ya Saba

Chupa ilikuwa imepungua tena. Mkemia aliinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama mstari alioupiga jana kwa kalamu. Dawa ilikuwa chini ya mstari kwa upana wa kidole.

Hakuhitaji mpelelezi. Friji alimoiweka dawa ilikuwa na funguo mbili tu, wake na wa mkuu wa maabara, ambaye wafanyakazi walimwita Ndimu kwa ule uso wake.

Miaka minne alisaga magome, akaloweka, akachuja, akatenganisha kitu kimoja kimoja, hadi akakipata hiki cha saba, kilichoua seli zote za saratani kwenye visahani vya maabara. Miaka yote minne Ndimu alimwambia mbele za watu, "Unapika supu ya magome, dada. Kafungue mgahawa." Leo supu imeiva, mwenyewe anajipakulia! Bila shaka angeitangaza kama yake kwenye mkutano wa wanasayansi mwezi ujao. Mkemia alimchukia.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Ndimu hakulijua. Wiki hiyo mkemia alikuwa ameijaribu dawa kwenye seli nzima za ini, zisizo na saratani. Zilikufa zote, tena haraka kuliko zile za saratani. Matokeo hayo hakuwa ameyaandika popote.

Kesho yake Ndimu akasimama mlangoni, bila hata salamu.

"Ile ya saba. Umeipima kwenye seli nzima?"

"Nimeipima."

"Zikawaje?"

"Haikuguswa hata moja. Ni salama kama maji."

"Usinipe porojo."

"Lini nimewahi kukupa namba za uongo?"

Ndimu akafikiri. "Hujawahi," alisema kwa shida, akaenda zake.

Siku za mwizi ni arobaini. Mkemia akaanza kuzihesabu kwa raha. Wenzake wangemuuliza Ndimu habari za ini pale jukwaani, na angekosa pa kuuficha uso. Chupa ilipokaribia kuisha alitengeneza nyingine, akaiweka mbele kabisa, mwizi asipate tabu.

Siku ya mkutano aliwahi kiti cha mbele. Jina la Ndimu liliitwa mara mbili, hakutokea. Mkemia akatoka kumtafuta, akamkuta koridoni, amejikunyata kwenye benchi, shati halijapigwa pasi.

"Kaa, dada," alisema Ndimu. "Nimekuibia dawa, nisamehe. Mke wangu ana saratani, hospitali zilishamrudisha nyumbani, sikuwa na pa kukimbilia. Mwanzoni nilikuwa naikusanya tu, naogopa kumpa, mpaka uliponiambia ni salama. Anameza kijiko asubuhi na jioni."

Akajifuta macho kwa kiganja.

"Tangu juzi macho yake yamegeuka manjano. Daktari anasema ugonjwa umefika kwenye ini. Lakini amenituma nije nikushukuru, na nikuombe chupa nyingine."