Baklava ya Kwenye Kompyuta

Tulikuwa tunachunguza jinsi ubongo unavyoamua. Kompyuta ikamwuliza Bi Desanka, mgonjwa wa kifafa, kama atakula baklava, keki tamu ya njugu na asali. Nyaya zilizopandikizwa kichwani mwake zilisema anaitamani. Kidole chake kilichopinda kikabonyeza "hapana".

Ikauliza tena. Hapana.

Mara ya tatu akabonyeza "ndiyo".

"Mama, mbona ulikataa na ulikuwa unataka?" daktari aliuliza. Ni mgeni hapa Serbia.

"Nikirukie chakula mara ya kwanza? Kwani nimelelewa porini?"

Daktari alicheka, kisha akauliza la maana. "Basi Alhamisi tukupasue, kifafa kiishe?"

"Aa, msijisumbue, mwanangu."

"Hutaki kabisa?"

"Mna wagonjwa wengi wenye shida."

Daktari akatazama skrini, akavuta kiti, akakohoa, akauliza mara ya tatu.